Ushamiri na Maambukizi Mapya: Maneno Yasichanganywe

Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) huweza kumwuliza mhudumu wake: "Kama dawa zinafanya kazi, mbona wenye virusi wanazidi kuwa wengi?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika maneno ambayo Kiingereza huyatenganisha, ilhali sisi mara nyingi huyakusanya katika kauli moja: "ugonjwa umeenea."

"Common" ni neno la mazungumzo. Hueleza kwamba jambo huonekana mara kwa mara, bila kutaja kipimo. "Prevalence" ni kipimo: sehemu ya watu katika jamii walio na ugonjwa kwa wakati uliotajwa, wa zamani na wapya kwa pamoja. Kwa Kiswahili huitwa ushamiri. "Incidence" huhesabu wapya peke yao, yaani waliopata ugonjwa katika muda maalumu. "Endemic" husemwa juu ya ugonjwa uliozoeleka mahali, kama malaria katika Kanda ya Ziwa. "Epidemic" ni ule uliozidi kiwango kilichotarajiwa, yaani mlipuko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata moja ina watu 400 wanaoishi na VVU, na hakuna anayehama wala kuhamia. Mwaka wa kwanza wanaambukizwa 40, wanafariki 10, wanabaki 430. Mwaka wa pili wanaambukizwa 30, wanafariki 5, wanakuwa 455. Maambukizi mapya yamepungua, vifo vimepungua, lakini idadi ya wenye virusi imeongezeka. Dawa haijashindwa, watu wanaishi.

Kipindupindu huenda kinyume. Huweza kuwapata wengi ndani ya wiki chache, lakini kila mmoja hupona au hufariki baada ya siku chache, hivyo walio wagonjwa kwa siku moja huwa wachache kuliko jumla ya waliougua.

Mhudumu wa afya, unapoandika "kiwango cha maambukizi", bainisha: ni wote waliopo, au wapya tu? Taja na muda. Asiyebainishiwa anaweza kudhani tiba ni bure, akaacha dawa.

Nawe unayetumia dawa, ukisikia kwamba ushamiri umepanda, usikate tamaa. Endelea kumeza dawa kama ulivyoelekezwa, kisha umwulize mhudumu wako: wapya ni wangapi? Huenda wewe uliye hai ni sehemu ya ongezeko hilo.