Skrini Bapa ya Kompyuta: Tupange Kwanza, Tununue Baadaye



Katika somo la robo hii tunapenda kushirikishana jambo dogo lililokaribia kutugharimu fedha za michango. Ofisi yetu ilipewa kompyuta ya mtumba yenye skrini bapa ya inchi 19. Maandishi yalikuwa na ukungu. Karani alilalamika kuumwa kichwa, na siku moja tulisoma 3 kuwa 8 katika taarifa ya michango. Kamati ikapitisha kununua skrini mpya. Kabla ya kulipa, tukagundua kuwa skrini ile haikuwa na ubovu wowote: ilikuwa imepangwa vibaya.

Ukungu hutoka wapi?

Skrini za zamani zenye chogo zilipokea vipimo mbalimbali vya picha bila shida kubwa. Skrini bapa ina idadi ya nukta isiyobadilika. Yetu ina nukta 1280 kwa upana na 1024 kwenda juu, lakini kompyuta ilituma picha ya 1024 kwa 768. Hivyo kila nukta ya picha ilitakiwa kujaza nukta moja na robo ya skrini kwa upana, na moja na theluthi kwenda juu. Kwa kuwa nukta haikatwi vipande, skrini huchanganya rangi za nukta jirani, na kingo za herufi hufifia. Hata duara lilionekana kama yai.

Vipimo vya kawaida

- Inchi 15, umbo la zamani: 1024 × 768
- Inchi 17 na 19, umbo la karibu mraba: 1280 × 1024
- Inchi 22, pana: 1680 × 1050 au 1920 × 1080
- Inchi 24, pana: 1920 × 1080 au 1920 × 1200

Hakikisheni kwa kusoma kijitabu cha skrini yenu.

Hatua za kufuata kwenye Windows

1. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, kisha fungua mipangilio ya skrini.
2. Chagua kipimo kilichowekewa alama kuwa kinapendekezwa. Ukikosea usiogope, usipothibitisha, kompyuta hurudisha kipimo cha awali baada ya sekunde chache.
3. Herufi zikiwa ndogo mno kwa wazee wetu, usishushe kipimo. Ongeza ukubwa wa maandishi, kwa mfano hadi asilimia 125.
4. Kipimo sahihi kisipoonekana kwenye orodha, mwombe fundi aweke draiva ya kadi ya picha.

Kazi hiyo ilituchukua dakika chache, na fedha zile zimebaki katika mfuko.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Je, nani kati yetu hukagua kifaa kabla hatujapitisha kununua kingine?
- Karani wetu anapolalamika, tunamsikiliza mapema?