Tabibu wa Nafsi na Kazi Yake

Ndugu msomaji, mtu akishikwa na homa haoni haya kusema kwamba anaumwa. Lakini aliyeshikwa na huzuni isiyomtoka, au hofu inayomnyima usingizi, mara nyingi hunyamaza. Anachelea kuitwa mwendawazimu, au kuambiwa amerogwa, au kwamba imani yake ni haba. Katika somo hili tutaeleza kazi ya tabibu wa nafsi, na mambo ambayo mtu aendaye kwake mara ya kwanza ayatazamie.

Yaliyotokea Kashasha

Wakazi wa Kagera wanao ushahidi wa karibu kwamba maradhi ya nafsi ni maradhi ya kweli. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, iliyokuwa wakati ule katika wilaya ya Bukoba na leo imo wilayani Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio na mahangaiko. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao. Je, maradhi yalikoma? Hasha! Katika Aprili na Mei watu 217 walipatwa huko Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana hao. Shule ilipofunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizi mwaka 1963, waliwapima wagonjwa wasione chanzo cha mwilini, wala hakuna aliyekufa. Wataalamu waliofuata wameyahusisha mambo hayo na dhiki ya nafsi. Basi tukumbuke mambo mawili: kwanza, damu kuonekana safi si dalili kwamba mgonjwa anajifanya, pili, kumwondoa mgonjwa mbele ya macho yetu si kumtibu.

Je, ni upungufu wa imani?

Wengine husema kwamba mwenye kumtegemea Mungu haugui moyo. Lakini Nabii Yakubu, amani iwe juu yake, alihuzunika mno kwa kumpoteza Yusufu. Biblia yaeleza maombolezo yake, na Kurani Tukufu katika Sura Yusuf yaeleza jinsi huzuni ilivyoathiri macho yake. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Nabii huyo alikosa imani? Mwenye malaria huomba dua na kumeza dawa pia. Kadhalika na mwenye jeraha la moyo. Dua haimzuii kutafuta tabibu.

Kazi ya tabibu huyu

Tabibu wa nafsi, aitwaye pia mtaalamu wa saikolojia tiba, hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Yeye si mganga wa kupiga ramli, wala hasomi yaliyomo moyoni mwa mtu. Kwa kawaida hatoi vidonge. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, na mara nyingine mgonjwa huwahitaji wote wawili. Tena hamwamulii mtu mambo yake, bali humsaidia kuona jinsi mawazo, hisia na matendo yake yanavyovutana, na kujifunza njia nyingine ya kuishi nayo.

Siku ya kwanza na zinazofuata

Siku ya kwanza utaulizwa mengi: usingizi wako, chakula, kazi, jamaa zako, misiba iliyokupata, na kama umewahi kufikiri kujidhuru. Jibu kwa kweli. Na usiloweza kulisema leo, waweza kulisema siku nyingine. Tabibu atakueleza kwamba siri yako itahifadhiwa, isipokuwa pana hatari ya kuuawa au kuumizwa mtu, wewe mwenyewe au mwingine. Nawe unayo haki ya kumwuliza elimu yake, malipo yake, na njia atakayoifuata.

Mazungumzo huchukua kama saa moja, na mara nyingi hurudiwa kila wiki. Usitazamie kupona kwa siku moja. Yawezekana ukatoka siku ya kwanza umechoka, hata umelia, kwa kuwa jeraha lililofunikwa muda mrefu huuma linapooshwa. Utapewa pia mazoezi ya kufanya nyumbani. Ikiwa baada ya wiki kadhaa huoni nafuu, mwambie wazi, ili abadili njia au akupeleke kwa mwingine. Na kama unatumia dawa za hospitali, usiziache bila shauri la daktari.

Matunda yake

UKIMWI, uliotambuliwa kwanza nchini Tanzania katika mkoa wa Kagera mwaka 1983, uliacha mayatima wengi. Mwaka 1997, katika Nshamba ile ile tuliyoitaja, ulianzishwa mradi wa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza, ili mayatima wasaidiwe katika majonzi yao, si katika chakula na sare za shule tu. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 uliwahusu mayatima 640 wa Moshi na Bungoma, nchini Kenya. Baadhi yao walipewa tiba ya mazungumzo kwa vikao 12, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Katika maeneo matatu kati ya manne, waliotibiwa walipata nafuu kuliko wenzao.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako amelemewa hivyo kwa majuma mengi, msinyamaze. Anzeni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkaombe kuelekezwa kwa wahudumu wa afya ya akili. Aliye na mawazo ya kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na sisi wengine tuache kumcheka aliyeumwa moyo. Dhihaka zetu ndizo zinazomfanya afiche ugonjwa wake mpaka umzidi nguvu.