Tanga na Dar es Salaam: Umbali Gani, Muda Gani?



Tukiuliza Tanga iko umbali gani kutoka Dar es Salaam, tunapata majibu mawili, na yote ni sahihi. Kwa barabara kuu ni kilomita 350 hivi. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 190 hivi. Miji haijasogea, njia ndiyo imebadilika. Barabara inaiacha pwani na kwenda magharibi hadi Segera, inateremka kusini hadi Chalinze, ndipo inageukia mashariki kurudi baharini. Ndege haizunguki hivyo.

1. Umbali si muda

Ili kupata muda, tunagawa umbali kwa mwendo. Basi lenye wastani wa kilomita 60 kwa saa litatumia karibu saa 6. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa itatumia dakika 38, kama haitui Pemba wala Unguja. Upepo wa kusi ukivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ndege iendayo Dar es Salaam inapingwa na kutumia dakika 42. Ikirudi Tanga inasukumwa na kutumia dakika 35. Umbali ni uleule, muda ni tofauti.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia, anafundisha kwamba muda ni hesabu ya mwendo kwa kufuata kabla na baada. Basi barabara tupu haina “saa 6” ndani yake. Lazima awepo anayekwenda, na namna anavyokwenda.

2. Kilomita za parokia

Tuchukue mfano wa kigango cha milimani Usambara, kilomita 20 kutoka parokiani. Kiangazi, paroko mwenye gari anaweza kufika kwa saa moja. Masika, kwenye tope, huenda ikawa nusu siku. Bibi anayetembea kwa mkongojo hafiki kabisa. Ratiba inayotazama kilomita peke yake inawaona watu hawa kuwa sawa, kumbe mmoja wao anaweza kufariki bila Mpako wa Wagonjwa wala Komunyo ya Pamba. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo, mhudumu amuulize katekista hivi: “Kwa hali ya leo, tutafika baada ya muda gani?” Nao waamini wasisubiri pumzi ya mwisho. Kanisa linafundisha kwamba wakati wa kufaa kupokea Mpako umeshafika mara mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Anayeita mapema amefupisha njia kuliko gari lolote.

3. Njia ya Yeriko

Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni kilomita chini ya 30. Katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10), kuhani na Mlawi walikuwa hatua chache tu kutoka kwa majeruhi, wakapita kando. Msamaria alisimama, na kwa kusimama akawa jirani. Hapo kipimo si kilomita wala saa, bali ni upendo.

Maswali ya kutafakari

1. Katika jumuiya yetu, nani yuko karibu kwa kilomita lakini mbali kwa muda?
2. Je, tunajua wagonjwa wanaopaswa kutembelewa kabla ya masika?
3. Kwa nini Aristotle hawezi kuutenga muda na mwendo?