Tusome Sura za Riale ya Kale

Ikiwa katika sanduku la babu mna riale ya fedha, wasomaji wetu wapenzi, msiipeleke kwa sonara kabla hamjaisoma.

Riale iliyoenea mno katika biashara ya Unguja karne ya 19 ni ile ya Maria Theresa. Upande mmoja yumo mama aliyejitanda shela ya ujane, maana mumewe, Kaisari Franz, alifariki mwaka 1765, naye akavaa nguo za msiba hata kufa kwake mwaka 1780. Kilatini kinachomzunguka kimefupishwa: D. G. ni “kwa neema ya Mungu”, HU. BO. REG. ni “Malkia wa Hungaria na Bohemia”. Ukingoni pameandikwa IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Maneno mazuri, juu ya fedha iliyonunua hata watumwa!

Upande wa pili yuko tai wa vichwa viwili, na kifuani pake ngao ya nchi za malkia. Alama ya X iliyo baada ya mwaka si kumi: ni msalaba wa Mtakatifu Andrea. Wahungaria walikuwa na desturi hii zamani sana. Mfalme Béla wa Tatu (1172–1196) alitia katika dinari zake msalaba wenye miti miwili ya kukingama. Na Mfalme Mátyás, katika karne ya 15, akamtia Bikira Maria na Mtoto, Msimamizi wa Hungaria.

Wazee wa pwani nao walisoma walivyoona. Riale ya Hispania yenye nguzo mbili waliiita riale ya mzinga!

Karibu nasi zaidi, mwaka 1916, Wajerumani waliobanwa na vita walipiga Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Humo mna tai wa kichwa kimoja, na nyuma tembo mbele ya mlima. Mtakatifu hamna.

Sasa neno la tahadhari. Riale ya Maria Theresa iliendelea kupigwa hata karne ya 20, Vienna, Roma, London na Bombay, kwa mwaka uleule wa 1780. Basi anayewauzia kwa bei ya juu kwa sababu ya mwaka huo, msimsadiki upesi. Na anayemjia mjane akitaka kuinunua kama chuma chakavu, ajibiwe kwamba ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 5 katika 6 ni fedha halisi. Katika miji ya machimbo mizani haikosekani. Ipimwe mbele ya mwenyewe.