Usipoziba ufa utajenga ukuta
Ndugu wanafunzi, jumba la Beit al-Ajaib, Mjini Unguja, lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, mnara wa saa ulijengwa upya, ukashikana na jumba hilo na kupanda juu ya paa lake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki.

Mnara hutunzwa kuanzia paani: maji yasituame, nyufa zizibwe mapema, mbao na vyuma vikaguliwe, mashine ya saa isafishwe na kutiwa mafuta. Saa hutukumbusha nyakati za sala. Jengo lililoibeba ni amana. Nasi tukague paa la madrasa yetu kabla ya masika. Wabillahi tawfiq.