Kuijaribu Programu ya Nyakati za Swala

Suratun-Nisaa, aya ya 103, yatufundisha kuwa swala ina nyakati maalumu. Basi programu inayotuadhinia simuni lazima ijaribiwe kwanza. Kazi naigawa hivi. Kompyuta ipewe kuhakiki siku zote 365, maana haichoki. Hapa Gisenyi jua hupinduka kama saa 5:47 mapema Novemba, na kama saa 6:17 katikati ya Februari. Jibu likizidi kwa saa nzima, huenda programu imewekewa saa za Tanzania. Mtu naye apewe kijiti na uwanja: kivuli kikishafikia ufupi wake kikaanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Majibu yakihitilafiana, tusiitegemee simu mpaka kosa lijulikane.