UKIKODI BUSTANI YA MBOGA, HESABU MISIMU KABLA YA KUTOA HELA

Mimi nina duka dogo huku Ngara, na mboga ninazouza nyingi natoa kwenye kipande nilichokodi bondeni. Somo la leo ni moja: kodi unailipia mwaka mzima, ila hela ya mboga ina miezi yake. Ukiijua miezi hiyo, utajua mkataba wa kukubali na wa kukataa.

Ngara na Biharamulo mwaka wetu uko hivi:

1. VULI (mwisho wa Septemba hadi Desemba)
Mvua ikishika, kila nyumba ina mchicha na majani ya maboga. Usitegemee kumuuzia jirani kitu alichonacho nyuma ya jiko. Panda vile ambavyo wengi hawana: kabichi, karoti, hoho. Kabichi inakula kama miezi mitatu, kwa hiyo wahi mvua za mwanzo.

2. MASIKA (mwisho wa Februari hadi Mei)
Nyanya hapa ni kamari. Unyevu unaleta ukungu, na bonde linaweza kujaa maji. Kama lazima upande, panda mteremkoni, weka miti na ufunge ili majani yasiguse udongo. Kazi kubwa ya masika ni kitalu: sia nyanya katikati ya Aprili, hamisha miche bondeni katikati ya Mei mvua zikianza kukata.

3. KIANGAZI (Juni hadi Agosti)
Hii ndiyo miezi ya hela. Bustani za mlimani zimekauka, bonde bado lina unyevu. Nyanya ulizohamisha Mei unaanza kuchuma Agosti. Mama ntilie wa Benaco na Nyakanazi wanaopikia madereva wa malori wanataka nyanya na mchicha kila siku, mvua iwepo isiwepo. Kagua majani mara kwa mara, maana kantangaze hupenda jua.

SASA MKATABA
Mtu akikwambia "nakukodishia Januari mpaka Juni", amekuuzia mvua na kiangazi kabaki nacho. Omba ufike mwisho wa Septemba. Andikeni ukubwa, mipaka, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwamba mazao yaliyopo shambani utayavuna hata muda ukiisha. Weka mashahidi, mwenyekiti wa kitongoji awe mmoja wao. Pima pia umbali na mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoharibu kingo ndani ya mita 60. Ukiondolewa hapo, kodi hairudi.

HESABU
Mfano: kodi ni 60,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12, unapata 5,000 kwa mwezi. Fungu la mchicha likiwa 200, mafungu 25 yanalipa kodi ya mwezi. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo tenga tuta lake kila mwezi. Mchicha ulipe kodi, nyanya zilete faida. Nyanya zikigoma, shamba bado ni lako.

Wewe mkataba wako unaisha mwezi gani? Nenda kauangalie leo, kabla hujanunua mbegu.